Mheshimiwa Alipolazwa, Mama Mkwe Akaacha Kuitikia

Siku mbwa wetu alipolazwa, mama mkwe wangu aliacha kuitikia salamu zangu.

Rudia kuisoma kama hujaielewa. Mimi mwenyewe niliiishi na sikuielewa.

Hatukugombana. Jana yake tulikaa uani tunachambua mboga, ananisimulia habari za harusi aliyohudhuria kabla mimi sijazaliwa, na tunacheka mpaka machozi. Kesho yake napita nyuma yake, "Shikamoo mama."

Kimya.

Nikadhani ana mawazo. Nikarudia. Kimya. Ni kama nimesalimia ukuta, na ukuta wenyewe umevaa kanga.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mbwa wetu anaitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na marehemu baba mkwe, maana tangu akiwa mdogo hakuwa wa kukimbia. Anatembea. Ukimwita anakutazama kwanza, analifikiria ombi lako, ndipo anatoa uamuzi. Rangi yake ya udongo, sikio moja limesimama, lingine limelala. Nilipoolewa nilimkuta tayari ana mvi mdomoni.

Na alikuwa na mtu mmoja tu duniani: mama mkwe. Mama yuko jikoni, naye yupo. Mama yuko bombani, naye yupo. Mama akikaa, analala miguuni pake, na mara kwa mara anainuka kumgusa goti kwa pua.

"Huyu mbwa ananigusagusa kutwa nzima," mama alikuwa analalamika. "Hebu nipumzishe, mwanaume wewe."

Halafu anasimama na kwenda zake. Anaenda jikoni, anaenda getini, anaenda kumwangalia mtoto.

Na mimi nasema moyoni: masikini mama, anakimbizwa na mbwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo pashike, tutaparudia.

Nyumbani tuko wanne. Mume wangu anaoka mikate, anaondoka jua likianza kupoa na kurudi asubuhi ananukia hamira. Mimi nashona sare za shule chumba cha mbele, kwa cherehani ya kukanyaga. Binti yetu bado anajifunza kutembea bila kupepesuka. Amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo tunamwita Kibibi. Na mama ana chumba chake ng'ambo ya ua, kina ngazi mbili na mlango wa mbao wenye komeo la kuangusha kwa ndani.

Mama huwa haulizwi, anasimulia. Ukikaa naye kazi yako ni kutikisa kichwa. Na ana sheria moja: ukiongea naye, mtazame usoni. Ukigeuka unaongea huku unapanga vyombo, utasikia, "Mimi siyo redio. Njoo hapa mbele."

Nilidhani ni mambo ya heshima.

Jioni mimi naenda darasani. Niliacha sekondari njiani na sasa naimalizia, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti yanakaribia kugusa kidevu. Nikifaulu, naomba chuo cha uuguzi. Nimeshakwenda hadi getini kwao kuchungulia, nikawaona wanafunzi na viatu vyao vyeupe. Sijui niseme nilipenda kazi au nilipenda viatu. Vyote.

Aliyenifungulia njia hiyo ni mama. "Nenda mwanangu, kasome. Huyu mwenzangu niachie." Yeye ndiye anayebaki na Kibibi. Bila yeye, hakuna darasa.

Basi mtihani ukiwa umekaribia, Mheshimiwa akaugua.

Alianza kwa kuacha chakula. Kisha akaacha kusimama. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi.

Mume wangu akampigia daktari wa mifugo. Akaja na pikipiki, dada mmoja mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye. Akampapasa, akamsikiliza kifua, akatoa kupe wawili nyuma ya sikio lililolala.

"Ana umri gani?"

"Ananizidi kwenye ndoa," nikamwambia.

"Ugonjwa wa kupe. Damu imepungua mno. Nitamchoma dawa, nitamwekea dripu, ila yaliyobaki ni ya muuguzi. Muuguzi nani hapa?"

"Mimi." Nilijibu kabla hajamaliza.

"Haya, muuguzi. Atulie sehemu moja. Asipande ngazi, asizungukezunguke. Moyo umechoka, akijilazimisha unaweza kuzima. Na sikuahidi kitu, umenisikia?"

Nikapiga hesabu zangu. Chumba cha mama kina ngazi. Chumba cha cherehani hakina. Na mama si kila siku analia kwamba mbwa anamsumbua? Nikajiona nina akili nyingi sana siku hiyo.

Nikaenda kusimama mbele yake. "Mama, Mheshimiwa atalala kwangu mpaka apone. Na wewe sasa utapumzika."

Alinikazia macho mdomoni, kama kawaida yake. "Kwani kwangu kuna nini?"

"Ngazi, mama. Halafu anakugusagusa, si umechoka?"

Alimtazama Mheshimiwa. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno, siku hiyo alikosa.

"Haya," akasema. "Mchukue."

Nikamchukua. Na kuanzia hapo salamu zikakatika.

Basi nikawa na wagonjwa wawili: mmoja wa damu, mwingine wa kununa.

Wa damu nilimuweza. Nilimshonea godoro kwa mabaki ya vitambaa vya sare, bluu huku, kijani kule. Mtu angemwona angedhani shule tatu zimemgombania. Maji nilimpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu, asije akapaliwa. Nilimsagia nyama na maini, nikampa kwa kidole. Vidonge alikuwa anavificha shavuni, ananitazama kwa macho ya upole mpaka nimsifie, halafu nikigeuka anavitema kwenye godoro.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hata Kibibi ameshaacha mchezo huo."

Nilimgeuza ubavu huu na ule asipate vidonda. Kwa ajili ya kujisaidia nilimpima kama mteja, kifua, tumbo, kiuno, nikamshonea mkanda mpana wa turubai wenye vishikio viwili. Unaupitisha chini ya tumbo, unainua, naye anatembea kwa miguu ya mbele kama mzee anayesindikizwa kupiga picha. Mume wangu alipouona mkanda ule alicheka hadi akakaa chini, halafu akaushika, akasema, "Baba angeupenda sana huu."

Wa kununa ndiye alinishinda.

Nikimwita akiwa jikoni, haitiki. Nikibisha mlango wake, hafungui. Mteja alikuja nikiwa sokoni, akagonga geti mpaka mkono ukauma, mama yupo ndani, mteja akaondoka na kitambaa chake. Sufuria ikaungua mama akiwa amekaa hatua chache tu kutoka jikoni. Kifuniko kilikuwa kinagonga kama ngoma, na yeye katulia.

Nikamlalamikia mume wangu.

"Mama? Anune?" akashangaa. "Mama akikasirika si anakwambia? Mimi mbona ananiitikia vizuri tu."

Kweli anamwitikia. Mume wangu ni mtu wa mashine za mkate. Anaongea kwa kupaza sauti kama yuko ng'ambo ya mto, na hawezi kumsalimia mama yake bila kwanza kumshika mabega. Nikaona ndiyo hayo. Mwana ni mwana, mkwe ni wa kuja.

Nikapeleka kesi yangu kwa jirani yangu msusi. Huyu dada anasuka vichwa na kusuka maneno, na vyote anavikaza.

"Shoga, umemnyang'anya mbwa wa mumewe," akasema, kitana mdomoni. "Yule ndiye kumbukumbu yake. Amekununia, na ana haki."

"Sasa nifanyeje?"

"Jishushe. Mtu amekununia, wewe unamkodolea macho na kumpazia sauti za shikamoo. Si unamchokoza? Inamisha kichwa. Ongea taratibu. Muoneshe adabu mpaka aone aibu mwenyewe."

Ushauri ukaniingia. Nikaenda kuufanyia kazi kwa bidii ya mwanafunzi wa darasa la jioni.

Nikawa nikimkaribia naangalia vidole vya miguu. Sauti nikaishusha ikawa ya mtu anayeungama. "Mama, chakula tayari," naiambia sakafu. "Mama, usiku mwema," nakiambia kizingiti.

Mambo yakaharibika mara mbili.

Mama akaacha hata kusimulia. Uso ukamkunjamana. Siku moja nimevaa nataka kutoka, begi la madaftari begani, nikamkabidhi Kibibi kama siku zote. Akanirudishia.

"Mtoto nenda naye."

"Darasani, mama?" Nikaiuliza sakafu.

Hakunijibu swali. "Jioni mimi simuwezi tena. Nenda naye."

Nikaenda naye. Kibibi alikula chaki, akampigia makofi mwalimu katikati ya hesabu, akalala juu ya jiografia ya jirani yangu wa dawati.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alinisubiri mlangoni. "Leo nimecheka. Lakini siku ya mtihani haruhusiwi mtoto, na sitaweza kukusaidia. Tafuta mtu."

Mtu gani? Baba yake yuko kwenye tanuri. Msusi ana wateja wa jioni. Mtu wangu alikuwa mmoja, na mtu huyo amenirudishia mtoto kama bidhaa mbovu.

Nilikuwa sijalimeza hilo, mama akatangaza wakati wa chakula, uso ukiwa kwa mwanawe tu: "Nataka kwenda kukaa kwa dada yako. Si kutembea. Kukaa."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Akanitazama mimi. Na mimi nikatazama nilipozoea: sakafu.

Nilikaa na Mheshimiwa baadaye, namlisha kwa kidole, na machozi yananitoka kwenye maini yake. Alikuwa na nafuu kidogo. Fizi zilianza kurudisha wekundu. Lakini kila tukimaliza kula alikuwa anageuza kichwa kuutazama mlango, sikio lile moja limesimama. Nikadhani anataka nje.

"Tulia," nikamwambia. "Daktari amekataza."

Kilichofuata kilitokea mchana kweupe.

Kibibi alikuwa amelala chumba cha cherehani, ubavuni mwa Mheshimiwa, kwenye godoro la shule tatu. Mama alikuwa uani kwenye kigoda, ameupa mgongo mlango wa chumba chake, anachagua maharage na kuimba chinichini. Mimi nikaitwa getini na mzazi mmoja aliyefuata sare. Mzazi mwenyewe ni wa wale wa "halafu jambo la mwisho," na hilo la mwisho lina watoto na wajukuu.

Nikiwa naye nikasikia kilio.

Si kile cha njaa wala cha usingizi. Mama yeyote anakijua. Kilio cha hofu.

Nikaacha sare mikononi mwa yule mzazi, nikakimbia.

Nafika kona ya ua, naona nini? Mlango wa chumba cha cherehani uko wazi, godoro tupu. Kilio kinatoka ndani ya chumba cha mama, mlango umefungwa. Kibibi alikuwa ameamka, akavuka ua kwa miguu yake ya kuyumba, akapita nyuma ya bibi yake, akapanda zile ngazi, akausukuma mlango nyuma yake na komeo likaanguka.

Na mama yupo palepale. Kilio kiko nyuma ya mgongo wake. Anachagua maharage. Anaimba.

Sikiliza, hasira niliyoipata sijawahi kuipata tena. Kuninunia mimi, sawa. Lakini kumwacha mtoto analia hivi, mwenye jina lako mwenyewe?

Nikafungua mdomo niseme neno ambalo nisingeweza kulirudisha.

Ndipo nikamwona Mheshimiwa.

Alikuwa katikati ya ua, bila mkanda, bila mtu. Miguu ya mbele inatembea, ya nyuma inaburuzwa vumbini. Mate yanamtoka. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda, akaweka pua yake kwenye goti la mama.

Wimbo ukakatika.

Mama akaangalia chini. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, ungo wa maharage ukamwagika.

"Wapi?" akamuuliza mbwa. "Nioneshe. Wapi?"

Mheshimiwa akageuza kichwa, akaelekeza pua kwenye mlango wa mbao.

Sijawahi kumwona mama akikimbia. Siku hiyo nilimwona. Alipanda ngazi zile kama msichana, na alipofika mlangoni hakutega sikio. Alibandika kiganja chake kwenye mbao, akakiacha hapo, na ndani Kibibi alikuwa anapiga mlango kwa vingumi vyake. Mama akavihisi kiganjani.

"Nipo," akasema. "Bibi nipo. Sogea kwa kitanda, mama. Sogea."

Akachomoa kisu cha mboga kwenye fundo la kanga, akakipitisha kwenye upenyo, akainua komeo. Mlango ukafunguka. Kibibi akatoka na ndala moja ya bibi yake mkononi, kamasi hadi kidevuni, mzima.



Mama akashuka na mtoto kiunoni, akapiga magoti pale Mheshimiwa alipoanguka. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Nikasogea karibu.

"Mama," nikasema.

Hakugeuka.

"Mama." Kwa sauti ya kawaida kabisa.

Anampapasa mbwa kichwa.

"Mama, nyumba inaungua."

Anampapasa mbwa kichwa.

Nilizunguka. Nikakaa mbele yake, vumbini. Nikainua uso wangu nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu nianze adabu yangu.

"Mama," nikasema polepole. "Husikii."

Alisoma midomo yangu. Nilimwona akiisoma. Kisha akatazama pembeni, na mwanamke yule aliyejaa maneno akasema machache tu.

"Siku nyingi. Kidogo kidogo, halafu basi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme, halafu mtoto nani aniachie? Wewe ungeniachia?"

Akamsogeza Kibibi kiunoni. Akaendelea.

"Baba yenu ndiye aliyejua. Ndiye aliyemleta huyu. Alimfundisha akiwa mdogo, anagonga geti na kumpa nyama akinigusa goti. Alikuwa anasema, nimekuletea masikio, yatunze." Akamfuta Mheshimiwa mate kwa pindo la kanga. "Ukayachukua, ukaniambia nipumzike."

Ningeweza kuingia chini ya lile godoro.

"Basi nisamehe, mama. Mimi nilidhani umeninunia."

Hapo akanitolea macho.

"Mimi? Wewe ndiye uliyeninunia. Ulikuwa unanitazama tukaelewana. Ghafla unaongea na sakafu. Kila siku, sakafu. Nikasema haya, mkwe amenichoka, hata uso wake ananinyima. Heri nimpishe."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Kibibi naye akacheka bila kujua kitu, akampiga Mheshimiwa kwa ile ndala.

Mheshimiwa akafumbua jicho moja.

Daktari alikuja na buti zake. Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, sote tumeshikana mikono kama tuko mahakamani.

"Nilisema asitembee."

"Alikuwa na dharura ya kikazi," nikamwambia.

Nikamsimulia. Akavua vile vya masikioni, akamtazama mama, akamtazama mbwa.

"Moyo upo. Umekasirika, lakini upo. Apelekwe kwa mwenyewe. Huko kwako alikuwa anakaa roho juu, hapumziki. Ngazi mbebeni."

Tukambeba, mama akashika kishikio cha mbele cha mkanda, mimi cha nyuma. Godoro la shule tatu likawekwa chini ya kitanda cha mama. Vidonge akaanza kumeza bila utani, maana mama hamsifii mtu kabla hajamfunua mdomo na kukagua.

Siku ya mtihani, Mheshimiwa alikuwa anasimama mwenyewe. Mama akampokea Kibibi mikononi mwangu, akanikazia macho mdomoni.

"Nenda mwanangu. Huyu mwenzangu tuachie."

Tuachie. Wako wawili.

Nilifaulu. Viatu vyeupe ninavyo, nimevivaa ndani ya nyumba mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Na mume wangu alimpeleka mama kliniki ya masikio, akapewa kile kifaa kidogo cha kuvaa. Tulikaa wote chumbani kwake kumsubiri asikie kitu cha kwanza nyumbani. Nilimwandaa Kibibi aseme "Bibi." Mume wangu akawa anasafisha koo.

Mama akakivaa. Akatulia. Akainamisha kichwa upande wa chini ya kitanda.

"Hiyo nini?"

"Ipi, mama?"

"Huyu mbwa anakoroma hivi? Miaka yote hii nimelala na mashine ya kusaga? Mtoeni."

Hatukumtoa, na wala hakutaka. Kila akienda kulala anavua kifaa, anakiweka kwenye kikombe, anashusha mkono pembeni ya kitanda mpaka ukute sikio lile lililolala. Mheshimiwa anaingia zamu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiona mtu wako amekaa kimya, usikimbilie kwa jirani kuuliza amekununia kwa nini. Zunguka, kaa mbele yake, mtazame usoni, msalimie tena.

Na kabla hujamwondolea mtu kero yake, muulize kwanza ile kero inamfanyia kazi gani.